Maneno ya Uani

Kiberenge kilikuwa kimeiacha Tabora kwa mwendo wa saa nzima, na redio ilikuwa bado inamwita arudi.

"Dada Kalunde. Najua unanisikia. Mwambie Lugendo ageuze. Mstari mmoja tu, dada yangu. Unaandika, tunafunga ukurasa, kila mtu anakwenda kula."

Kalunde Mihayo alikuwa amekaa benchi la nyuma, kibao chake cha kuandikia kimefungwa ndani ya kanga mapajani. Aliyekuwa akiita ni Chilongani, mwenyekiti wa Jukwaa la Mafundi, mtu asiye mbaya, ambaye kwa siku tisa alikuwa hajala akashiba. Kulia kwa reli bomba kuu la maji lilikwenda nao sambamba, jeusi, nene kuliko ng'ombe. Lilizama vichakani, likaibuka mbele, likazama tena, kama kitu kinachochungulia.

"Shangazi, nizime?" aliuliza dereva.

"Zima."

Lugendo akazima. Yalibaki magurudumu tu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, asiyeweza kuvumilia ukimya kwa umbali wa nguzo tatu.

"Mimi ile ya paa ndiyo iliyonimaliza," akasema. "'Mvua imenyesha upande mmoja wa paa, upande wa pili nimekuachia wewe.' Mke wangu kasoma, kaniuliza, wewe mbona huniambii vitu kama hivi? Nikamwambia mama, paa letu lina upande mmoja tu, na unavuja."

"Na wewe umesoma."

"Nani hajasoma, shangazi? Si wewe mwenyewe uliyeyaleta sebuleni?"

Ilikuwa kweli. Kalunde akatazama bomba.

Tangu ule mwaka mashine ziliposemezana zenyewe kwa zenyewe, na miji mitatu ikafa kiu kabla mtu hajajua zilikuwa zinaambiana nini, nchi ilibaki na sheria moja juu ya nyingine zote: mashine isisome kisichosomwa na mtu. Nyaya za mashine zikakatwa, za watu zikaachwa. Kila kituo cha pampu kikajengewa ukuta wa kioo, na mbele ya ukuta likawekwa jicho moja. Fundi akitaka mtambo ufanye kazi, anafungua ukutani ukurasa wake wa Jukwaa, unaosomeka vituo vyote. Maagizo yamo ndani ya kisanduku, herufi nyeupe juu ya kijivu. Mtu anasoma, jicho linasoma, wote wawili kitu kilekile, na jicho linafuata lilichosoma. Jicho halikufundishwa kuruka hata neno. Wangelifundisha kuruka, wangelifundisha kudanganywa.

Kisanduku kilikuwa na upana wa herufi themanini. Mstari ukizidi hapo uliendelea kulia, nje ya ukingo, usionekane. Mtu angeweza kuufuata kwa kuuburuta na kidole. Jicho halina kidole. Mafundi wa mwanzo, watu wa kukaa peke yao porini mwaka mzima, waliligundua hilo mapema, wakapaita huko nje uani. Sebuleni waliandika fungua valvu ya pili, ngoja presha arobaini, funga. Halafu nafasi tupu nyingi, nyingi, mpaka ukingo upite. Halafu uani: mwanangu kafaulu. Mama kalazwa. Chilongani kanenepa, msimwambie nimesema. Walifanya hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyejiuliza uani ni wapi hasa. Walishapazoea kama mahali pengine, wakasahau kwamba ni mstari uleule.

Kisha vijana wakaanza kutembea na vibao vidogo vya mkononi, vinavyokata kwenye herufi arobaini. Miezi miwili iliyopita, Kituo cha Nne, kijana mmoja aitwaye Mbeleje alisoma kwenye kibao chake: fungua mfuniko wa juu wa chumba cha tatu. Akafungua. Maneno yaliyofuata yalikuwa nje ya ukingo: baada ya kushusha presha. Jeneza lake wanaume wawili walilibeba bila kupokezana, lilivyokuwa jepesi.

Kalunde ndiye aliyekuwa mtunza wa Jukwaa. Alirudi kutoka mazikoni akakaa wiki sita akitengeneza mkunjo: mstari ukifika ukingoni ushuke chini, uendelee, ushuke tena, kusibaki neno lolote nje, kibao kiwe kidogo namna gani. Ilikuwa kazi safi. Mama yake Mbeleje alimletea jogoo. Na alfajiri mkunjo ulipowashwa, maneno yote ya uani ya vituo kumi na kimoja yalishuka sebuleni kwa mpigo mmoja, mbele ya macho ya watu na mbele ya jicho.

Kituo cha Pili kilipiga king'ora mara tatu alfajiri hiyohiyo, kwa sababu fundi wake aliwahi kumtania mwenzake kwamba ndivyo wamwamshe. Kituo cha Kumi kilizima taa zote kumlilia shangazi wa mtu. Mafundi walicheka, wakaona haya, wakafuta maneno yao mchana uleule, maana kwenye Jukwaa kila fundi ana saini yake, iitwayo mkono, na neno hufutwa na mkono ulioliandika, si mwingine. Waliokufa hawakuwa na neno la kufuta. Kurasa zao zilishafungwa. Fundi akifa, siku ya arobaini mtunza, asiyeweza kumfutia neno, huandika kwa mkono wa marehemu mstari mmoja wa mwisho, maneno matatu yaleyale kwa kila mtu: Mkono huu umepumzika. Baada ya hapo ukurasa hauonekani tena ukutani, na mkono ule hauandiki tena milele.

Kurasa zote zilikuwa zimefungwa isipokuwa mmoja. Shija Nkwabi, fundi wa Kituo cha Saba, alikuwa na miaka miwili kaburini, na ukurasa wake ulikuwa wazi. Kalunde alikuwa akisema ataufunga kesho.

*

Walisimama penye kivuli cha tangi la zamani ili injini ipoe. Lugendo alitoa viazi vilivyochemshwa, akampa Kalunde kikubwa.

"Jana Kituo cha Saba kilisimama muda gani?" Kalunde aliuliza.

"Saa mbili na dakika hamsini na moja. Shemeji yangu yuko Mlenge, alihesabu. Watu elfu nne wamekaa na ndoo wanaangalia mdomo wa bomba kama wanaangalia mgonjwa."

"Leo itakuwa saa nne na robo."

"Umejuaje?"

Kalunde alijua kwa sababu aliyajua maneno kwa moyo. Shija alimwandikia yeye, mwaka wa sita kati ya kumi na tisa ya kuandikiana, uani mwa agizo la kusafisha vichujio: Saa sita kamili nasimamisha kila kitu, nakungoja. Kila siku nakungoja kidogo zaidi ya jana. Siku ya kwanza ya mkunjo mtambo wa Kituo cha Saba ulisimama saa sita mchana kwa dakika kumi. Siku ya pili kumi na tano. Ulikuwa umeamua wenyewe kidogo ni kiasi gani: nusu ya jana, juu ya jana. Baada ya siku tano nyingine, muda wa kungoja ungezidi mchana na usiku vikiunganishwa, na mtambo usingeamka tena.

"Na Chilongani anataka uandike nini?"

"'Sikungoji tena.' Kwa mkono wa Shija. Umebakiza mstari mmoja, ule wa kufungia, na kuufunga kwa maneno ya desturi hakutangui kilichokwisha kusomwa."

Lugendo alitafuna polepole. "Maneno mawili. Shangazi, mimi si msomi, lakini maneno mawili?"

"Hakuyasema."

"Amekufa."

"Ndiyo sababu. Angekuwa hai ningemwuliza."

"Watu hawana maji."

"Najua watu hawana maji, Lugendo." Alikunja ganda la kiazi ndani ya gazeti. "Yule kijana Mbeleje aliuamini mstari. Ulikuwa umekatika, lakini aliuamini, na alikuwa na haki. Wote wanaishi kwa kuamini kwamba kilichoandikwa na mkono fulani kimeandikwa na mkono huo. Leo mimi namsemesha marehemu kwa ajili ya maji. Kesho kuna mtunza mwingine, ana sababu yake. Naye ataiona nzuri."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kama ananingoja, nakwenda."

Lugendo hakucheka. Aliinuka, akaishika injini kuona kama imepoa, akairudisha mikono mfukoni. Alikuwa amesoma yote, kama kila mtu, na mwaka wa kumi na moja Shija aliandika: Siku ukifika, lango nalifunga. Hutoki tena.

"Ule ulikuwa utani wa mapenzi," alisema mwishowe.

"Hata wa king'ora ulikuwa utani."

"Na lango lile hulivunji."

"Hulivunji. Ukiligusa kwa nyundo, valvu kuu inajifunga. Walilijenga miaka ya hujuma."

Waliondoka. Kwa nguzo tisa nzima Lugendo hakusema kitu.

*

Mlio wa Kituo cha Saba ulikuwa unasikika kutoka maili mbili, watu walisema, mvumo mzito usiokoma ambao wenyeji walishaacha kuusikia. Walipofika ilikuwa saa sita na nusu na hakukuwa na mlio wowote. Jua lilikuwa utosini. Vichaka vilisimama bila jani kutikisika, na hata nyenje walikuwa wamenyamaza, kama walikuwa wakiimba na mtambo miaka yote na sasa hawajui wimbo unaendeleaje.

Lango la chuma lilikuwa wazi kabisa, limeegemezwa ukutani. Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miguu ameinyoosha, kitenge kimefungwa kifuani.

"Karibu, mke mwenzangu," alisema. "Umetucheleweshea chakula."

Kalunde alishuka. Alikuwa ameiwazia saa hii njia nzima, na yote aliyoyaandaa yakamtoka.

"Nyamizi."

"Ndiye. Nyamizi mwenye kaburi. Wewe ndiye mwenye barua." Akamtazama juu mpaka chini bila haraka. "Nilidhani u mrefu. Mtu anaandikiwa upande mzima wa paa, nikasema huyu atakuwa mrefu."

"Hatukuwahi... Tulionana wiki mbili tu, mafunzoni Tabora, kabla hajakuoa. Baada ya hapo ni maandishi."

"Najua. Nimesoma. Nina ukuta mzima nyumbani kwangu, mwenzangu, herufi kubwa kama vikombe. Siku ya kwanza nilisoma mpaka mguu ukafa ganzi." Alipiga goti lake kama bado linauma. "Halafu nikasema sawa, kama anachotaka ni Kalunde, apate Kalunde. Nikasimama mbele ya jicho, nikafunga kilemba vizuri, nikasema: Mimi ndiye Kalunde, nimefika, washa maji."

Lugendo, nyuma, alitoa sauti puani.

"Cheka tu, mwanangu. Likanitazama. Halafu likanizimia feni."

Hata Kalunde alicheka, na Nyamizi naye, na kicheko kikafika mahali kikaisha kwa wote wawili pamoja.

"Linajua mkono wako," Nyamizi alisema. "Linataka uandike. Utaingia?"

"Nitaingia."

"Unajua litafunga."

"Najua."

"Mimi natoka, basi. Siwezi kufungiwa na nyinyi wawili." Aliinuka kwa kuisukuma ndoo, akajifuta vumbi. Pembeni palikuwa na sanduku lake, godoro limekunjwa, sufuria mbili zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Alikuwa ameshafungasha. Aliokota kifurushi kimoja, akakiweka chini tena.

"Chilongani kaniambia kitu kwenye redio," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kasema umebaki na mstari mmoja wa mkono wake."

"Ndiyo."

"Andika kwangu."

Kalunde hakuelewa mara moja.

"Neno lolote. Miaka kumi na tisa alikuwa akikuandikia wewe, mimi nikiwa chumba hichohicho. Wewe ulipata maneno, mimi nilipata kikohozi. Sidai mwanamume, amekufa. Nadai mstari. Una mkono wake hapo ndani ya kanga. Fanya aniambie kitu."

"Nyamizi, hayatakuwa maneno yake."

"Nani kakuuliza?"

"Siwezi. Nimekuja huku kote kwa sababu siwezi. Kama ningeweza, ningeandika Tabora, maji yangewaka, nisingelazimika hata kukuona uso."

"Ungependa hivyo."

"Ndiyo," Kalunde alisema. "Ningependa sana."

Nyamizi akanyanyua godoro, akaliweka begani kama mtu aliyezoea.

"Basi ingia," alisema. "Watu wana kiu."

*

Ndani palikuwa na ubaridi wa saruji. Mtambo ulichukua nusu ya jengo, mabomba yake yamekufa, na nusu nyingine ilikuwa nyumba: meza, jiko, rafu ya vikombe viwili, kitanda nyuma kabisa. Ukuta wa kioo uliangaza rangi ya kijivu. Mbele yake palikuwa na kiti kimoja kilichochakaa, na juu ya kiti, likining'inia kwa mkono wa chuma, jicho.

Lilikuwa likitazama ukuta. Kalunde alipovuka kizingiti, liligeuka likamtazama yeye.

Alifungua kanga, akaweka kibao mezani, akaandika kwa mkono wake mwenyewe maneno aliyoyafikiria njiani: Kalunde nimefika. Yakatokea ukutani. Jicho likageuka, likasoma, na kwa pumzi kama tatu hakikutokea kitu.

Kisha nyuma yake lango likaanza kutembea. Hakugeuka. Alilisikia likifika, na komeo nne zikiingia moja baada ya nyingine. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yake, ule mvumo ukapanda kutoka ardhini, ukajaza jengo, na huko nje nyenje wakaanza wote kwa pamoja. Lugendo alikuwa akipiga kelele, labda za furaha, labda sivyo.

Ukutani mtambo uliandika taarifa, kama mitambo yote inavyofanya ikiamka: Valvu kuu wazi. Presha thelathini na nane, inapanda.

Baada ya hapo kikafuata kitu ambacho mitambo haifanyi. Nafasi tupu. Nafasi nyingi, mstari mzima, na wa pili, na wa tatu, kama mtu anayetembea kuelekea ukingo. Halafu:

Umechelewa. Kaa.

Kalunde alisimama. Alizijua barua za Shija zote, na tarehe, na yale aliyokosea akaandika upya. Neno hilo halikuwemo. Alizipitia tena kichwani, mwaka kwa mwaka, akitumaini kulikuta mahali. Halikuwemo.

Alikaa.

Kutoka kwenye kile kiti ukuta ulikuwa mzuri. Mtu angeweza kukaa hapo jioni zote za maisha yake. Aligeuza shingo kuona kama maji ya kunywa yapo, na hapo ndipo alipokiona kitanda vizuri. Upande mmoja wa godoro lililobaki ulikuwa na bonde, la mwili mzito uliolala ubavu mmoja miaka mingi. Ubavu huo ulitazama huku. Alijaribu kukisia alichokiona mtu aliyelala pale. Si ukuta, mgongo wa kiti uliuziba. Ni mgongo wa kiti tu, na mgongo wa mwanamume, na mkono ukienda na kurudi.

Akainuka, akaenda kwenye kidirisha cha zana, kile cha upana wa sinia kilichokuwa kando ya lango. Nyamizi alikuwa bado nje, amekalia sanduku, anamngoja Lugendo apange mizigo.

"Alikuwa anakohoa saa ngapi?" Kalunde aliuliza.

"Nini?"

"Kikohozi. Saa ngapi?"

Nyamizi alifikiri. "Akiwa anataka niamke nimwashie moto. Alikuwa haombi. Anakohoa."

"Ulikuwa unaamka?"

"Sasa nani mwingine angeamka? Wewe?"

Kalunde akarudi mezani. Alijua anachokwenda kukifanya na alijua ni kosa. Hakujidanganya kwamba ni kosa dogo. Alikuwa amelikataa hata kwa ajili ya watu elfu nne, hata kwa ajili ya kutofungiwa yeye mwenyewe, na sasa alikuwa akilifanya kwa ajili ya bonde kwenye godoro. Alifungua mkono wa Shija. Kibao kikamwonya: mstari mmoja, wa mwisho. Hakuandika maneno matatu ya desturi. Aliandika:

Nyamizi, sikukuandikia kwa sababu ulikuwepo. Bomba lako halitakauka.

Alipobonyeza, maneno yalikaa ukutani muda wa kusomwa. Jicho lilisoma. Lilirudi mwanzo, likasoma tena, jambo ambalo macho hayafanyi. Kisha ukurasa wa Shija Nkwabi, miaka kumi na tisa, ukafungwa na kutoweka, na ukuta ukabaki na kisanduku cha taarifa peke yake.

Presha arobaini. Mtiririko wa kawaida.

Nafasi tupu. Nafasi tupu. Nafasi tupu.

Hilo sikuliandika mimi.

Kalunde alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Herufi zikaendelea, moja moja, kwa mwendo uleule wa mtu asiye na haraka.

Liache.

Nje, kwenye kibao kidogo cha Lugendo, mstari wa Nyamizi ulikuwa umefika pia, umekunjwa ili uenee, kusibaki neno nje. Kalunde aliwaona kupitia kidirisha: Lugendo anamshikia kibao, Nyamizi anasogeza uso karibu kwa sababu hakuwa na miwani. Midomo yake ilikwenda polepole. Aliusoma mara moja. Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge, akasema kwa sauti kubwa, bila kutazama kidirishani:

"Mwongo mkubwa wewe."

Hakuna aliyejua alimwambia yupi, Kalunde au Shija.

*

Maji yalifika Mlenge siku hiyo saa nane na robo mchana, na mtambo haukusimama tena kwa miaka saba.

Chilongani aliuliza ni nani aliyeandika mstari ule, na Kalunde akajibu ni yeye. Alivuliwa utunza kwa kura zote isipokuwa moja. Chilongani alistaafu mwaka uliofuata, akafungua duka la misumari Tabora, akanenepa zaidi.

Mkunjo uliachwa uendelee. Tangu siku ile hakuna fundi aliyekufa kwa mstari uliokatika. Mafundi hawakuandika uani tena. Walianza kutumiana salamu kwa Lugendo, ambaye alizibeba kwa kichwa na kuzichanganya.

Mtunza aliyemfuata Kalunde aliandika kwa mikono ya marehemu mara sita. Mara tano sababu ilikuwa nzuri. Ya sita, Kituo cha Kumi, haikuwa nzuri, na watu tisa walikufa. Baada ya hapo mafundi waliacha kuuamini ukuta. Siku hizi wanakwenda kituo kwa kituo wakisomeana maagizo kwa mdomo, na kazi ya siku moja inachukua wiki.

Nyamizi alijenga chumba na ua Mlenge. Kila siku ya mnada alipanda mpaka Kituo cha Saba na unga, dagaa na maneno makali, akavipitisha vyote kidirishani. Mwaka wa ukame, mgao ulipowekwa, bomba lake peke yake lilitoa maji mchana na usiku bila kufunguliwa na mtu. Watu walilichimba wakitafuta wizi, hawakuona kitu, wakampigia mawe kwenye bati. Hakuhama.

Kalunde hakutoka. Lango halikufunguka na yeye hakuandika kuomba lifunguke. Alimwambia Nyamizi kwamba ukuta huandika kila siku, kidogo. Nyamizi hakuuliza unaandika nini. Kalunde alifariki mwezi wa tatu, mwaka wa saba, kwa homa ya mapafu, juu ya kile kiti. Saa hiyohiyo komeo nne zilitoka na lango likafunguka lenyewe. Lugendo alimbeba mpaka kwenye kiberenge. Walimzika Mlenge, si karibu na Shija. Nyamizi ndiye aliyechagua mahali.

Siku moja baada ya mazishi, saa sita kamili mchana, mtambo wa Kituo cha Saba ulisimama kwa dakika kumi. Siku iliyofuata ulisimama kumi na tano. Sasa hauamki kabisa. Mtambo mpya umeagizwa, haujafika.

Watu elfu nne wa Mlenge wanachota kwa Nyamizi. Foleni inaanza kabla jua halijatoka na inazunguka ua mara mbili. Tangi la akiba la kituo limefunguka upande wa bomba lake tu, na kwa hesabu ya mafundi lilipaswa kuwa limekwisha mwezi uliopita.